Mvua Iliyokuwa Ndani ya Kodiani

Jumanne moja, saa tano asubuhi, Kitinda alikuwa anapiga pasi mashuka ya wodi ya wazazi. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na tisa katika chumba cha kufulia cha hospitali, na mikono yake ilishazoea kiasi cha kutomuuliza kitu: nyoosha, pitisha, kunja, weka kwenye lundo. Simu ilipolia mfukoni mwa aproni, aliibana kati ya sikio na bega bila kuiacha pasi.

Aliyepiga alikuwa fundi wa dari. Wiki hiyo alikuwa anabomoa dari bovu katika nyumba ya kaka yake Kitinda.

"Mama, samahani kwa usumbufu. Huku juu nimekuta sanduku, nadhani ni lako."

"Umejuaje?"

"Limeandikwa 'Ya Kitinda', kwa rangi nyeupe. Ndani kuna kile kinanda cha kuvuta."

Kitinda alimalizia shuka alilokuwa nalo, akachukua lingine. Zamu yake ilikuwa inaisha saa tisa, na saa tisa ndipo alipovua aproni.

Jina lile alipewa na baba yake kwa sababu ndiye aliyekuwa kitindamimba, na likamganda mpaka kwenye ratiba ya zamu. Baba alikuwa mpiga kodiani wa bendi ya wafanyakazi wa reli. Alipougua na kujua kwamba hainuki tena, aliwaita watoto wake wawili, akaomba kopo la rangi, akaandika juu ya sanduku la kodiani maneno yale mawili. Kaka Mkubwa ndiye aliyemshikia kopo.

Siku ya tatu baada ya mazishi, wakati wa alasiri, nyumba ikiwa bado imejaa watu, kodiani ilitoweka chini ya kitanda cha marehemu. Kaka Mkubwa alisema mwizi ni fundi viatu wa nyumba ya tatu, kwa kuwa yeye ndiye aliyezoea kuja kuipiga na baba, na alijua inapolala. Fundi viatu alisema alasiri ile hakukanyaga pale. Mvua kubwa ilikuwa inanyesha, bati lake linavuja juu ya ngozi za viatu vya watu, naye alikuwa juu ya paa anapigilia misumari.

Akashtakiwa, na kesi nzima ikabaki kuning'inia kwenye mvua hiyo. Kaka Mkubwa alikuwa karani wa kituo cha hali ya hewa. Kazi yake ilikuwa kupima mvua kila siku na kuiandika kitabuni. Hakimu akaagiza kitabu kiletwe, kikaletwa, na kwenye tarehe ile palikuwa na sifuri. Hakimu aliuliza ni nani aliyeandika. Kaka Mkubwa alinyoosha mkono, na hakimu akamshukuru.

Baada ya kitabu kusomwa, mtaa mzima ulianza kukumbuka jua. Muuza mkaa, ambaye alasiri ile alikimbia kufunika magunia yake, alikumbuka jinsi alivyotokwa na jasho. Mama mmoja alikumbuka kwamba nguo zake zilikauka mapema. Kitinda mwenyewe aliporudi nyumbani siku ile alikuwa amebeba viatu mkononi, gauni limemganda mapajani. Lakini alipopanda kizimbani na kuulizwa, alisema, "Kulikuwa na jua," na wakati anasema aliliona kabisa, likiwa juu ya paa la jirani, linaumiza macho.

Fundi viatu alifungwa miaka saba. Alipotoka hakuna aliyempelekea kiatu, maana nani ampe mwizi kiatu chake? Alikohoa mwaka mmoja na miezi kadhaa, akafa. Kodiani haikuonekana.

Sasa miaka thelathini na miwili ilikuwa imepita, na kodiani ilikuwa juu ya meza katika nyumba ya Kaka Mkubwa, katikati ya vumbi la dari. Mkanda wa ngozi ulikuwa bado umefunga mvukuto wake, ile mikunjo ya kuvuta upepo. Kitinda aliipangusa kwa upindo wa kanga, akaipakata, akafungua mkanda, akavuta.

Mvua ilianza kunyesha mle chumbani. Ilianzia kama shubiri moja chini ya mbao zilizobaki uchi, ikashuka nzito na ya wima, na ilikuwa na harufu ya dawa ya kuchua aliyokuwa anapakwa baba.

Fundi wa dari alitazama juu. "Mimi sijatoboa bomba lolote, mama," alisema.

"Najua."

"Basi ngoja nisogeze ngazi."

Aliisogeza ngazi, kisha akafunika misumeno yake kwa turubai. Kitinda alirudisha mvukuto na mvua ikakata. Akavuta tena, ikarudi. Alisimama pale maji yakimtiririka shingoni, akakumbuka viatu mkononi, tope la njiani, gauni lililomganda. Alitafuta moyoni kama kuna kilio, hakukipata. Alimshukuru fundi, akalibeba sanduku nyumbani.

Kaka Mkubwa alikuwa anaishi kwa Kitinda tangu miguu yake ilipogoma. Alilala chumba cha nyuma, na kila siku Kitinda alimkanda, akamwogesha, akamkatia kucha. Alimkuta amekaa kitandani, redio ya mkononi iko sikioni. Kaka Mkubwa aliliona sanduku, akazima redio.

"Dari limebomolewa lote?" aliuliza.

"Lote."

Kitinda alifungua mkanda, akavuta mvukuto. Mvua ikaanguka juu ya kitanda, juu ya blanketi, juu ya kipara cha mzee. Kaka Mkubwa hakuhama, kwanza hakuweza. Alichukua kikombe chake cha bati kutoka kwenye kistuli, akamwaga chai iliyobakia, akakishika wima chini ya mvua kwa mkono ulionyooka, kama mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Mvua ilipoisha, aliingiza kidole kikombeni, akakitazama.

"Milimita kumi na nne," alisema. Akaangalia tena. "Na nusu."

"Ndiyo ya siku ile?"

"Ndiyo yenyewe. Naikumbuka. Nilisimama kituoni nayo mkononi."

"Ukaandika sifuri."

"Nikaandika sifuri."

Kitinda alichukua taulo, akaanza kumkausha kichwa. Alianzia kisogoni, kama kawaida yake.

"Hukuipiga hata siku moja, kaka. Hukuiuza. Uliichukua ya nini?"

Taulo ilipofika masikioni, Kaka Mkubwa aligeuza kichwa.

"Alikupa wewe," alisema. "Na mimi nimeshika kopo."

"Na yule mtu?"

"Yule alikuwa anatafuta mahali pa kusema alikuwa wapi. Angesema alikuwa amelala, nisingeweza kumgusa. Kasema mvua, na ya siku ile nilikuwa bado sijaiandika. Mvua ni kazi yangu." Aliinua mikono ili dada yake amvue shati lililolowa. "Nibadilishie na shuka, mdogo wangu. Mgongo unapata baridi."

Kitinda alimbadilishia shuka. Alilitandika vizuri, pembe zote nne.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini, akaenda na kodiani masjala ya mahakama. Karani wa masjala alikuwa kijana mnadhifu aliyevaa sweta. Alisikiliza maelezo yote, akaenda kutafuta jalada, akarudi nalo likiwa limefungwa kwa uzi.

"Hukumu inasema siku hiyo mvua haikunyesha," alisema.

Kitinda akavuta mvukuto. Karani aliwahi kufunika kompyuta kwa mfuko wa plastiki, akaliingiza jalada ndani ya sweta. Watu waliokuwa kwenye foleni walirudi nyuma hatua mbili, mmoja akafungua mwavuli.

"Funga kwanza, mama, majalada yatalowa. Nimeiona. Imethibitishwa na nani?"

"Si unalowa?"

"Nalowa, ndiyo. Lakini kulowa kwangu hakuingii kwenye jalada. Kitabu cha mvua ndicho kielelezo. Kikisahihishwa, njoo na barua yenye muhuri, tutaangalia."

Akaenda idara ya hali ya hewa. Huko mama mmoja mpole alikitoa kitabu, akamwonyesha ile sifuri, ya duara nzuri, na wino wake haujapauka. Alieleza kwamba anayeruhusiwa kusahihisha ni yule mwenye mwandiko, na mwenye mwandiko amestaafu, na mstaafu hasahihishi. Kitinda aliuliza kama anaweza kuwafungulia hiyo mvua waipime wenyewe. Yule mama alifikiri kwa dhati.

"Tukiipima leo tutaiandika leo," alisema. "Hatuna pa kuiandika jana."

Jumamosi Kitinda alivuka barabara, akabisha hodi nyumba ya tatu. Miaka yote ile alikuwa anapita upande wa pili. Mjane wa fundi viatu alifungua mlango. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani imefungwa uzi, na nyuma yake kilionekana chumba kidogo chenye kitanda, meza, viti viwili vya mbao na kalibu za viatu, zile mbao za umbo la mguu, zimepangwa ukutani kwa ukubwa wake.

"Karibu," alisema mjane.

Kitinda aliingia, akasimama na sanduku lake. Alisema kilichompeleka: dari, kikombe, milimita, kitabu. Alisema yote kwa sauti moja, kama mtu anayesoma orodha ya mashuka. Mjane aliketi kwenye kiti kimoja, mikono imelala mapajani.

"Fungua," alisema mwishoni.

Mvua ikanyesha juu ya meza, juu ya kalibu, juu ya magoti ya mjane. Alivua miwani na kuinua uso.

"Yeye alikuwa juu ya bati," alisema, "mimi chini nimeshika ngazi. Maji yalinijaa machoni hivihivi. Nikamwambia shuka utateleza, akasema bado msumari mmoja." Alijipangusa kwa kiganja. "Niliwaambia mahakamani. Wakasema mke lazima atamsemea mumewe."

"Mimi nilisema kulikuwa na jua."

"Nakumbuka. Nilikuwa benchi la nyuma yako."

Kitinda alitafuta neno la kuweka pale. Maneno ya samahani alikuwa amekuja nayo, ameyapanga tangu Jumanne, lakini yalipofika kinywani yalikuwa mepesi mno, akayameza.

"Unajua kuipiga?" aliuliza mjane.

"Wimbo mmoja tu. Alionifundisha baba."

"Mume wangu naye alikuwa anaujua huo. Piga."

Kitinda aliupiga. Vidole vilikwama mahali pawili, akarudia. Maji yalipofika kifundoni mjane aliinuka, akafungua mlango wa uani ili yatoke, akaleta beseni, akarudi kitini kwake.

Tangu hapo Kitinda huenda kila Jumamosi. Wapangaji wa uani, ambao bomba lao hutoa maji siku mbili kwa wiki, wamezoea kuja na ndoo. Hupanga foleni mlangoni, huteka, hushukuru, na wanasema ni maji matamu yasiyo na chumvi. Mama mmoja anayafulia nguo nyeupe. Kitabu cha mvua kimerudishwa kabatini na sifuri yake. Jalada lina uzi wake, na ndani yake fundi viatu ni mwizi. Kaka Mkubwa anakula saa moja na nusu, anakandwa miguu, analala.

Kodiani ni nzito, na wimbo ule ni mrefu. Kitinda huupiga akiwa amesimama katikati ya chumba, mikanda imemkaba mabega, maji yanamtiririka mgongoni. Mjane huketi kwenye kiti kimoja, na kile cha pili kiko palepale pembeni yake, kimelowa. Kila Jumamosi anapofungua mlango humwambia karibu. Kaa, hajamwambia.