Barua ya Kumrudisha Mwanarusi

Asubuhi ya kuhamishwa kwake, Mwanarusi alikifagia chumba kisichokuwa chake mpaka pembeni, akakipiga maji, kisha akaketi kizingitini kungoja sakafu ikauke. Maalim Huzaifa alimkuta hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu aiandike barua iliyokuwa mfukoni mwake, alitamani angejaliwa mwandiko mbaya.

Huzaifa alikuwa mwalimu mstaafu na katibu wa kamati iliyowagawia chakula mafukara wa mtaa wao wa kisiwani, Mji wa Kale. Chakula kilikuwa kimepungua na wahitaji wameongezeka, na mwenyekiti, Sheikhan, rafiki yake tangu utotoni, akatoa shauri kwamba wasio wa mtaa warudishwe kwao. Mwanarusi alizaliwa kisiwani humu humu. Lakini mumewe, marehemu Ngowa, aliyebeba magunia katika soko la Marikiti miaka ishirini, asili yake ilikuwa kijiji cha ndani huko Kwale, na kamati ikaona kwamba mke kwao ni kwa mumewe. Tena mwenye gofu alimojisitiri Mwanarusi alitaka kulifunga. Mambo yakaamuliwa kwa upole, bila mtu kupaza sauti. Huzaifa akauandikia barua ukoo wa Ngowa, na yeye ndiye aliyeagizwa kumpeleka Mwanarusi na wanawe.

Watoto walikuwa wawili. Badawi, wa miaka minne, alilifurahia gari lililokuja kuwachukua. Dada yake, Swafia, alitoka amevaa sare ya shule, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi na hakuna aliyepata moyo wa kumwambia. Huzaifa alimtazama mama. Mama akatazama chini.

Feri ya Likoni ikawavusha. Njiani Huzaifa alijitahidi kuisifu hewa ya mashamba, na Mwanarusi akamwitikia kila neno kwa adabu. Adabu ile ilimchoma kuliko matusi.

Walipofika, nyumba ya ukoo haikuwapo. Mahali pake palikuwa na muhogo wa watu wengine. Aliyebaki ni Bi Mejumaa, shangazi yake Ngowa, mkongwe ambaye macho yalikuwa yamemtupa mkono, akiishi katika chumba kimoja. Alipoelezwa waliokuja ni nani, aliwapapasa watoto nyuso, polepole, akakawia kwenye paji la Badawi.

"Hili ni la Ngowa," akasema. Kisha akaomba asomewe barua.

Huzaifa akasoma. Ilikuwa barua nzuri, yenye salamu ndefu na dua. Lakini alipofika pale penye "hawa si watu wetu bali ni wenu," alipunguza mwendo, kama mwalimu anayesoma makosa ya mwanafunzi akagundua kuwa daftari ni lake mwenyewe.

Bi Mejumaa alimgeukia. "Ngowa mlimzika wapi, mwanangu?"

"Kwetu. Makaburini kwetu."

"Basi maiti yake ikawa yenu." Alilisema bila lawama, kama mtu anayepanga vitu mahali pake. "Mimi sitawafukuza. Muhogo upo, na mkeka ni huu. Nimeuliza tu nipate kujua."

Huzaifa alitoka nje, akasimama kando ya gari. Yakamjia mazishi ya Ngowa, wapata mwaka na nusu nyuma: wachukuzi wa Marikiti na wazee wa mtaa waligombea kulitia bega jeneza, naye alikuwa miongoni mwao. Siku ile hakuna aliyeuliza kwao marehemu ni wapi. Tena akakumbuka jambo jingine, nalo lilimtia haya zaidi. Katika vikao vyote vile, Mwanarusi mwenyewe hakuulizwa neno.

Akamwita. "Mwanarusi, wewe mwenyewe wataka nini?"

Swali lile alikuwa hajalizoea. "Nataka Swafia amalize shule pale alipoanzia," akasema. "Na huyu bibi nataka nimjue, niwe nawaleta watoto siku za likizo. Lakini kuletwa kama gunia, Maalim, sikutaka."

Walikula muhogo wa Bi Mejumaa, wakamwachia unga wote waliopewa na kamati, wakarudi wote kisiwani.

Hind, mkewe Huzaifa, alipomwona akipanda ngazi na watu watatu nyuma yake, aliwafungulia mlango. Alimtazama mumewe kama atazamwavyo mgonjwa aliyeanza kupata nafuu, kisha akaenda kukiondoa cherehani chake katika chumba cha juu, kile kinachopata upepo. "Miaka mingapi nimengoja uikaidi kamati," akamnong'oneza alipompitia.

Baada ya Alasiri, Huzaifa alimfuata Sheikhan kwenye baraza ya msikiti, akamweleza yote, hata ya muhogo.

"Umelivunja neno la kamati, Huzaifa."

"Nimelivunja."

"Na kesho wakija kumi?"

Swali lilikuwa la haki, na Huzaifa alilijua hilo. Alisema tu kwamba wale watatu sasa ni watu wa nyumba yake, na nyumba yake imo mtaani. Sheikhan akavaa viatu vyake akaenda zake bila kuaga, jambo ambalo katika miaka hamsini ya urafiki wao hakuwahi kulifanya. Huzaifa alirudi nyumbani. Chakula alichoandaliwa alikigusa tu.

Jua lilikuwa halijazama waliposikia kishindo ngazini. Huzaifa alichungulia. Sheikhan alikuwa amekwama kwenye kona, kofia imekwenda upande, kanzu imekamata vumbi, na begani ana godoro alilolibeba mwenyewe kutoka kwake, mbele ya macho ya mtaa mzima.

"Mkutano wa kamati ni Jumapili," akasema alipopata pumzi. "Nitakupinga mbele ya watu wote."

"Najua."

"Basi shika upande huo. Ngazi zako hizi nyembamba mno."

Huzaifa akashuka vidato viwili, akashika. Wakaanza kulipandisha, huyu akivuta, yule akisukuma, wakigombana juu ya upande wa kugeuzia, na Swafia amewashikia mlango.