Anji kwa Mkono wa Shubhkala

Shubhkala alirudisha mkono nyuma kana kwamba ile kalamu ya tete inaunguza. Binti yake Vibha, bibi harusi mtarajiwa, aliendelea kumnyooshea, wino mwekundu ukidondokea sakafu iliyosiribwa asubuhi ile.

"Mpe shangazi yako," Shubhkala alisema.

"Shangazi nimeshamwambia. Anji utaiandika wewe."

Barua ya kwanza ya mwaliko huwekwa mbele ya Gosauni, mungu wa nyumba, na haiandikwi neno kabla ya anji, ile alama iliyojipinda kama pembe ya tembo ambayo sote tulianza nayo tulipofundishwa mwandiko wa kale wa kwetu Mithila. Anji ya harusi huandikwa na mwanamke ambaye mumewe yu hai. Mjane hukaa nyuma ya mlango. Ndiyo desturi yetu, na mimi inanichukiza.

Jaleshwari, wifi yake Shubhkala, alikuwa amesimama kizingitini, bangili za mke mwenye mume zimemjaa mikononi. "Vibha, usituchezee. Kijana wa watu akipatwa na jambo, atalaumiwa nani?"

Hapo ndipo palipouma. Shubhkala hakumwogopa wifi yake, alijiogopa mwenyewe. Tangu afiwe na mumewe aliamini kimoyomoyo kwamba mkono wake una mkosi, naye alikuwa amekwisha kumpenda bwana harusi huyo kama mwanawe.

"Baba aliuawa na homa," Vibha alisema taratibu. "Mkono huu ndio uliomlisha mpaka mwisho. Usipoandika, mama, siku ya harusi sitoki chumbani."

"Mkaidi kama baba yake," Jaleshwari alinong'ona.

Shubhkala akaipokea kalamu. Aliichora anji polepole. Mkia wa alama ukaenda upande. Alingoja balaa. Uani ng'ombe alilia, basi.

Jaleshwari alisogea akachuchumaa. Vibha akaikinga barua kwa kiganja, akidhani shangazi anataka kuifuta.

"Barua haiishii hapo," Jaleshwari alisema. "Andika bibi harusi ni binti wa nani. Andika jina la kaka yangu."

Mke wa kwetu halitaji jina la mumewe, awe hai au amekufa. Shubhkala hakuwa amelitamka hata siku moja, wala kuliandika. Alichovya kalamu, akaandika herufi ya kwanza, kisha ya pili, na kufikia ya tatu midomo yake ilikuwa imeanza kulisema.