Tunda la Yago Upande wa Kushoto

Siku mke wangu Lornah alipopotea ilikuwa Alhamisi, na asubuhi yake haikuwa na jambo lolote. Alikunywa chai akiwa amesimama, akaniambia sukari inaisha, akatoka kwenda Dunga, ufukweni mwa ziwa, kuwapeleka wageni wawili kuona viboko. Mimi nikaenda soko la Kibuye kufungua meza yangu ya viatu vya mtumba. Kabla ya jua kufika utosini upepo uligeuka, vumbi likaruka sokoni, na akina mama wakakimbilia kufunika nguo zao. Nilifunika viatu. Sikumfikiria. Nilifikiria mvua.

Aliyekuja kuniambia ni Nalini, mmoja wa wale wageni. Alikuwa ameloa mpaka nywele, mume wake Arvind akimshika mkono. Watu wa Kibuye walinyamaza meza kwa meza walipokuwa wakipita.

"Bwana Frankline," alisema, "boti imepinduka. Sisi wametuvuta. Mama hatukumwona tena."

Niliuliza kama alikuwa amevaa jaketi la kuelea. Alisema Lornah alikuwa amelivua kidogo tu, kwa sababu lilimzuia kuinua mkono akionyesha.

"Alikuwa anawaonyesha nini?"

Nalini alianza kulia. Arvind ndiye aliyejibu. "Alikuwa anatueleza kina cha ziwa."

Ile habari ya kina niliijua kwa moyo. Lornah aliwaambia wageni wote: ziwa hili ni kubwa kuliko nchi nyingi, lakini ni fupi kwenda chini. Ukichukua lile jumba refu la mikutano la Nairobi, la mviringo, ukalisimamisha mahali penye kina kirefu kuliko pote, kichwa chake kingetokeza juu ya maji. Wageni walikataa. Yeye alicheka, akawaambia wakahesabu mita wenyewe.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kuwaonyesha watu vitu vya ajabu vya Kisumu na pande zake. Aliwaambia kwamba kiboko, pamoja na kukaa majini mchana kutwa, haogelei kama samaki, bali hutembea chini kwa miguu. Aliwapeleka Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana kule kwetu Seme, ambayo jina lake ni jiwe la mke wa kwanza. Mgeni mmoja aliwahi kumtania pale: "Na wewe mama, ni mke wa ngapi?" Lornah akajibu, "Wa kwanza na wa mwisho. Kama huamini, muulize yule muuza viatu."

Lakini alikuwa na sheria moja. Hakuongeza chumvi. Kule Maseno, mahali mstari wa Ikweta unapokata barabara, kulikuwa na mtu aitwaye Aloo aliyekuwa na beseni lenye tundu. Aliwaonyesha wageni maji yakizunguka kulia upande huu wa mstari, na kushoto upande ule. Lornah hakuwaacha wageni wake waangalie.

"Mama Debra, unaniharibia kazi!" Aloo alimpigia kelele siku moja nikiwepo.

"Aloo, hayo maji yanazunguka vile mkono wako umeyazungusha."

"Sasa wewe unawapa nini? Mstari tu wa rangi?"

"Ninawapa mguu mmoja kaskazini, mguu mmoja kusini. Hiyo ni kweli, na inatosha."

Nimeandika haya ili ieleweke kwa nini nilikataa lile lililokuja baadaye.

Wavuvi walimtafuta. Wapiga mbizi walikuja wakaondoka. Gugu maji lilisogea kutoka upande mmoja wa ghuba hadi mwingine, na kila liliposogea tulienda kutazama mahali lilipokuwa. Wazee wa ufukweni waliniambia ziwa hurudisha watu, nisubiri. Nilisubiri. Nilikuwa nikisimama Dunga na kuwaza: ziwa fupi hivi, jumba lingetokeza kichwa, mbona mtu wangu hatokezi?

Ndipo baba yangu mdogo, mzee Ondiek, akaja kutoka nyumbani Seme. Alikuwa amebeba gunia. Ndani mlikuwa na tunda la yago.

Asiyejua yago, ni mwegea, mti wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kwa kamba. Sisi Wajaluo, mtu akipotea majini asipatikane, tunazika tunda hilo badala ya mwili. Linachimbiwa kaburi na kuliliwa kama mtu. Niliwahi kumuuliza Lornah kwa nini hawaelezi wageni habari hiyo, na ni ya ajabu kuliko zote. Alisema, "Hiyo si ya kupigwa picha."

"Tutalifunga kwa leso yake," Ondiek alisema. "Tutaliita kwa jina lake. Tutalilaza kushoto mwa nyumba, mahali pa mke."

"Hapana, Baba."

"Hapana nini?"

"Siwezi kusimama mbele ya watu niseme hilo ni Lornah. Si yeye. Na mkilizika, nani atamtafuta tena?"

"Omera, ndugu yangu, wewe ni mume au ni askari wa kulinda ziwa? Watu wanauliza. Nyumba yako imebaki wazi kama mdomo wa mlevi."

"Acha waulize."

Aliliacha gunia pembeni ya mlango na kwenda kulala kwa dada yake anayekaa Otonglo, akiwa na hasira.

Kesho yake alikuja mama mkwe wangu, mama Milka, kutoka Pap Onditi. Kwetu mama mkwe hazoei kuingia nyumbani kwa mkwewe, na hatutazamani usoni. Kwa hiyo alikataa kiti nilichomtolea, akaketi nje chini ya ukuta, mgongo wake ukiwa kwangu. Nami nikaketi ndani karibu na mlango. Tuliongea hivyo.

"Baba Debra, nimesikia umekataa."

"Nimekataa, Mama."

"Mimi nina miguu mibaya. Siwezi kwenda Dunga kila siku kama wewe." Alijisugua goti. "Nikitaka kumlilia mtoto wangu, niangalie wapi? Ziwa lote?"

Nilitazama lile gunia pembeni ya mlango.

"Nililia nikiangalia huku," alisema, "nikaona labda yuko kule. Nikageuka. Mtu mzima nazunguka kama kuku."

"Mama, Lornah hakupenda uongo. Hata mdogo."

"Nani amekuambia udanganye? Hilo ni tunda. Sema ni tunda. Hata yeye angesema ni tunda." Sauti yake ilipanda. "Mimi sitaki unidanganye, Baba Debra. Nataka mahali."

Nilitoka nikaliinua lile gunia. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Nilimwambia tutazika.

Tulizika Jumamosi, Seme, kushoto mwa nyumba yangu. Binti yetu Debra aliruhusiwa kutoka shuleni. Alilifunga tunda mwenyewe kwa leso ya mama yake ya kijani, akakunja pembe vizuri kama mtu anayefunga mtoto. Nalini na Arvind walikuja, wakasimama nyuma. Ondiek alitaka kusema yeye, lakini nilimwomba aniachie. Nilisema hivi tu:

"Hili ni tunda la yago. Lornah yuko ziwani na hatujamwona. Tunazika hili kwa sababu mama yake anahitaji mahali pa kulia, na mimi pia. Kumtafuta sijaacha."

Niliona mzee mmoja akimtazama Ondiek, akingoja anikemee, kwa maana maneno hayo hayasemwi hivyo. Ondiek alifuta uso kwa kofia yake.

"Ni kweli," alisema. "Shusheni."

Ndipo mama Milka alipolia, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu siku ile ya Alhamisi, na wanawake wote wakamfuata.

Nyasi zimeanza kuota juu ya udongo. Mama Milka huja mwisho wa mwezi, huketi pale mpaka jua lipungue, kisha hurudi Pap Onditi. Mimi Jumatatu sifungui meza mapema. Napitia Dunga kwanza. Wavuvi wakiniona hawangoji niulize. Wanatikisa kichwa, nami naenda kazini.