Mfiwa wa Mwanamboka

Bi Kuruthum alimkosha Mwanamboka siku ya Jumanne, adhuhuri. Alimkosha kama anavyowakosha wote, bila ya haraka na bila ya maneno, mpaka akamaliza kumtia karafuumaiti na kumfunga sanda. Wanaume wakaja na jeneza wakamchukua, na baada ya sala ya alasiri Mwanamboka akawa keshalazwa katika makaburi ya Ibra, Omani, mbali na Pangani alikozaliwa. Presha ndiyo iliyomwangusha jikoni, na hakuinuka tena.

Tamima, mwenye nyumba aliyokuwa akiifanyia kazi marehemu, alimkuta Bi Kuruthum nyuma ya sabla ya wanawake, ukumbi wa mikusanyiko ya mtaa, anasuuza ndoo za kukoshea.

"Khala Kuruthum, Allah akujazi kheri," alisema. Alikuwa amelia, wanja umemshuka. "Khalas, kila kitu imekwisha."

"Kilichokwisha ni maziko, mwanangu. Azza itakuwa wapi?"

"Azza ya nani?"

"Ya maiti niliyemkosha."

Tamima akatazama chini. "Lakini Khala, yeye hana mtu hapa. Nani atapewa mkono?"

Bi Kuruthum aliiinamisha ndoo maji yachuruzike, akaifuta, akaiweka juu ya mwenzake.

Kwa desturi ya mtaa ule, msiba, au azza kama waitavyo, haukai bila ya mfiwa. Mfiwa hukaa mwisho wa sabla akielekea mlango, siku tatu, na kila anayevuka kizingiti humwendea kwanza, akampa mkono, ndipo aketi, anywe kahawa, asome alichojaaliwa kusoma, ende zake. Huwezi kuingia ukampita mfiwa, hata kama mmegombana. Na kwa kuwa wanawake wa kazi za nyumbani mama zao na dada zao wako ng'ambo ya bahari, wao wakifa huzikwa tu. Watu hurudi majumbani, na simu hupigwa huko kwao ili wakae matanga peke yao.

Waliokuwa wakisema Kiswahili mtaani pale walikuwa watu namna mbili. Namna ya kwanza ni hao kina Bi Kuruthum, waliozaliwa Unguja au waliozaliwa na wa Unguja, wakarejea Omani baada ya mapinduzi. Leo wana majumba yenye mageti ya chuma, watoto wao ni maofisa na madaktari, na wengine wana mashamba ya tende mpaka Bidiya. Namna ya pili ni wanawake wa Tanga, wa Mombasa, wa Tabora, waliokuja kwa viza ya kazi. Chumba chao kiko nyuma ya jiko, na ruhusa yao iko mdomoni mwa kafili, tajiri aliyewadhamini. Dukani wote hucheka kwa Kiswahili kimoja. Wakitoka dukani, mmoja huingia mbele ya gari na mwengine hubeba mifuko.

Bi Kuruthum aliyaona hayo kila siku, kwani alikuwa mwanamke wa kutazama zaidi kuliko kusema. Mumewe Marhun alipofariki hakubakisha maneno mengi nyumbani. Alibaki yeye na msala wake. Lakini siku ile, baada ya magharibi, alichukua ufunguo aliopewa kwa ajili ya vyombo vya maiti, akafungua mlango wa mbele wa sabla, akawasha taa zote. Akapika dele la kahawa, akaweka tende katika sahani, kisha akaenda akakaa mwisho kabisa, pahala pa mfiwa, akaelekea mlango.

Akakaa peke yake mpaka kahawa ikaanza kupoa.

Wa kwanza kuja alikuwa Safa, msichana wa Malindi aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya tatu. Alisimama penye viatu, hajui aingie au arudi.

"Shikamoo, Bibi. Nimemwambia madam naenda kununua vitunguu. Nimeona taa."

"Marahaba. Njoo."

"Si nitakaa tu hapa karibu na mlango?"

"Hapo ni pa viatu. Wewe kiatu?"

Safa akacheka, halafu akaona haya kucheka msibani, akaziba mdomo. Akaja akatoa mkono. Bi Kuruthum akaushika, akamvuta, akamkalisha ubavuni kwake.

"Wewe na mimi ndio tuliofiwa," alimwambia. "Wakija, watakupa mkono na wewe. Usiinamishe kichwa."

Waliokuja baadae hawakuja kwa kupenda. Walikuja kwa sababu ya taa. Mbele yao alikuwa Bi Alya, mdogo wake Marhun, mwanamke mwenye sauti na mwenye kuishika sabla ile kama anavyoishika kanga yake. Aliufikia mlango, akamwona wifi yake alipokaa, akaurudisha nyuma mguu aliotaka kuutia ndani.

"Ala! Wifi, umeanza lini kuwa Mbondei wa Pangani?"

"Leo mchana," alisema Bi Kuruthum. "Karibu, unipe mkono."

"Siingii."

"Basi sema hapo hapo. Masikio ninayo."

Nyuma ya Bi Alya kulikuwa na wanawake watano, sita, wameshikilia ncha za shela zao, wanangoja kuona nani atamshinda nani.

"Sabla hii ina wenyewe," alisema Bi Alya. "Tumechanga sisi, tumejenga sisi. Ukimfungulia huyu, kesho akifa wa Bangladeshi utamfungulia? Akifa wa Filipino je?"

"Akiwa nimemkosha mimi, nitamfungulia."

"Subhanallah! Kuruthum, wewe unachanganya mambo. Sisi si sawa na hawa. Sisi tulikuja hapa hatuna kitu, hata nguo ya kubadilisha hatuna. Tazama leo! Tumesoma, tumefanya kazi, tumesimama. Na wao miaka nenda miaka rudi wanakuja na kurudi na sanduku lile lile. Bahari tuliyovuka ni moja. Kila mtu na jitihada yake."

Wanawake wakaguna kukubali. Safa akawa anatazama mkeka.

Bi Kuruthum hakupandisha sauti. "Jitihada," alisema. "Haya, tuiseme hiyo jitihada. Sisi tulipofika, mwezi haujesha tumeshapewa paspoti. Tuliambiwa hapa ni kwenu. Kaka yako Marhun, Mungu amrehemu, alikuja na Kiingereza chake cha skuli ya Unguja, akapata kazi, akaipenda. Alipoacha kuipenda akaiacha akatafuta nyengine, na hakuna aliyemkamata. Safa, paspoti yako iko wapi?"

"Kwa kabati ya madam."

"Kazi ukiichoka, unaweza kuiacha?"

"Niende wapi, Bibi?"

"Umesikia, Alya? Mtu umemfunga miguu, kisha unamcheka hajui kukimbia. Wape hawa tulichopewa sisi siku ile, halafu nd'o uje unihesabie nani kajenga ghorofa."

"Mimi sikumfunga mtu!"

"Wala mimi sikusema wewe. Lakini kabati lako nalijua lina nini."

Mmoja katika wale wa nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

Bi Alya akawaka. "Unanitia aibu mbele ya mtumishi!"

"Aibu?" Bi Kuruthum akalipima neno, liende au lirudi. Akaliachia. "Alipokufa baba yako, tuna mwaka mmoja hapa, nani alikuja? Wanawake wa hapa walisema wale ni watu wa Afrika, Kiarabu chao kimevunjika, hata kuamkiana hawajui. Siku nzima mama yako hana aliyempa mkono ila sisi kwa sisi. Ulikuwa mtoto, lakini si mtoto wa kusahau."

"Walikuja baadae," Bi Alya alisema, sauti imeshuka.

"Walikuja. Kwa sababu mama yako hakuinuka."

Bibi mmoja mzee akampita Bi Alya ubavuni, akavua kubadhi, akaingia.

"Makiwa," alisema, akitoa mkono.

"Tunayo," Bi Kuruthum akajibu.

Bibi akampa na Safa mkono. Safa hakuwa akijua jawabu la Kiunguja, akasema, "Asante, nyanya," na bibi akampapasa shavu. Baada yake wakaingia wawili wengine. Waliobaki wakamtazama Bi Alya, wakarudi naye.

Lakini kabla hajenda zake, Bi Alya alisema kwa nguvu ili wote wasikie: "Kesho hufungui!"

Na kweli kesho yake mlango ulikuwa na mnyororo na kufuli jipya linalong'aa.

Bi Kuruthum alilitazama kufuli lile, akalishika, akaliachia likagonga chuma. Hakugombana nalo. Alikwenda nyumbani, akarudi na mikeka ya ukili na dele lake, akatandika chini ya ukuta wa sabla, upande wa barabara, kwenye kivuli. Akakaa akielekeza uso wake njiani. Safa akaja, na safari hii hakuja na habari ya vitunguu. Alikuja na wenzake watatu, mmoja ana mtoto wa bosi wake begani.

"Madam amesema nikitoka nisirudi," Safa alisema.

"Ukifika usiku hajakufungulia, kwangu pana vyumba."

"Bibi, utapata shida kwa ajili yetu."

"Mwanangu, mimi mume wangu kafa, na swala zangu naswali. Watanifanya nini?"

Ilikuwa Jumatano, siku ya soko la wanawake Ibra, na barabara ile ndiyo ya kurudia. Wakawa wanapita wanawake wa Kiarabu na wa Kiswahili, vitambaa na manukato vifukoni, wanawaona watu wamekaa msiba nje kama waliokosa pa kwenda. Kila mmoja akawa anauliza, "Nani kafa?" Akijibiwa, anauliza tena, "Mbona mlango umefungwa?" Bi Kuruthum halijibu hilo la pili. Analitazama kufuli tu, na mwenye kuuliza analitazama na yeye. Wengine walitikisa vichwa wakapita. Mmoja alisema haya ndiyo mambo ya Wazinjibari, hawaachi fujo. Lakini wengi waliinama wakatoa mkono, na mikono ile ilimpitia Bi Kuruthum, ikafika kwa Safa, ikafika kwa yule mwenye mtoto begani.

Kiasi cha kukaribia adhuhuri likaja gari la Tamima. Lilipita pole pole, likaenda mpaka kona, Bi Kuruthum akasema moyoni huyu anakimbia. Likageuka, likarudi. Tamima akashuka, akatoa kiti cha magurudumu nyuma, akamshusha mama yake.

Mama yake, Bi Shaikha, ndiye mkubwa kuliko wanawake wote wa mtaa ule, na hata Bi Alya humwamkia kwa kumbusu kichwa. Akili yake siku hizi ilikuwa inakuja na kwenda. Mwanamboka ndiye aliyekuwa akimlisha, akimgeuza, akimsomea Yasini. Alikuja nyumbani kwao mtoto wa kwanza wa Tamima angali tumboni. Mtoto huyo sasa anaendesha gari.

"Toka jana yeye anamuuliza," Tamima alimwambia Bi Kuruthum. "Tunasema amekwenda dukani. Kila saa, amekwenda dukani. Mimi siwezi tena kusema uwongo, Khala."

Bi Shaikha aliwatazama wote mmoja mmoja. "Nani kafa?"

Hakuna aliyethubutu, ila Bi Kuruthum. "Mwanamboka, bibi yangu."

Bi kizee akafumba macho. Machozi yalimtoka bila ya uso wake kugeuka. Kisha akafumbua, akautazama mlango, mnyororo, na kufuli.

"Sasa mbona mko nje?"

Tamima alitoa simu, akaondoka hatua mbili, lakini walimsikia wote. "Ammati Alya? Mama yangu amekaa njiani. Ndiyo, hapa, kwenye azza. Hataki kurudi, na mimi simrudishi." Akakata. Kisha akaja akavua viatu, akakaa mkekani, upande wa wafiwa, baina ya Safa na yule mwenye mtoto.

Bi Alya alikuja kwa miguu, ufunguo mkononi, shela haijakaa sawa. Hakumtazama mtu. Alitia ufunguo, akautoa mnyororo, akasukuma milango yote miwili ikafunguka wazi, baridi ya ndani ikatoka ikawafikia.

"Ingieni," alisema.

Hakuna aliyejitikisa. Wale wasichana walimtazama Bi Kuruthum. Bi Kuruthum alimtazama wifi yake.

"Watu wamekaa msiba," alisema.

Bi Alya alielewa. Alisimama na ufunguo wake, na wanawake wa sokoni walikuwa wamesimama upande wa pili wa barabara, wanatazama. Alikuwa mtu mzito na magoti yake mabaya. Aliinama kwa Bi Shaikha kwanza, akambusu kichwa, "Shikamoo, bibi." Kisha akaushika ukuta kwa mkono mmoja, akajishusha, akampa Bi Kuruthum mkono.

"Makiwa, wifi."

"Tunayo."

Akataka kuinuka. Bi Kuruthum hakumwachia. Akabaki pale ameinama nusu, mpaka akatoa mkono kwa Safa, na kwa Tamima, na kwa wale watatu, mmoja baada ya mmoja. Mwisho hakuweza tena, akakaa kitako mkekani kwa kishindo, akahema.

"Haya, nimekwisha kutoa," alisema. "Sasa ingieni ndani. Watu wote wanatutazama."

"Waache watazame. Walitutazama mlango umefungwa, watutazame na umefunguliwa."

"Kuruthum, jua hilo linakuja!"

"Naliona."

Yule msichana mwenye mtoto alimimina kikombe cha kahawa kutoka kwenye dele, akampelekea Bi Alya. Bi Alya akakipokea, akakitazama, akanywa. Kivuli kikawa kinapungua, jua likawa linapanda mkekani, likafika kwenye vidole vya miguu yao. Bi Alya akamgeukia wifi yake, akainua nyusi kuuonyesha mlango.

Bi Kuruthum akaivuta miguu yake kivulini.

"Bado," alisema.