Samli Ndani ya Gemu

Huka aliiweka gemu juu ya meza ya Mahad, fundi redio wa pale Garsen, akavuta leso hadi mdomoni kama mtu aliyeletwa kwa chifu. Na kusema kweli kosa alikuwa nalo, ila hakuna aliyelijua isipokuwa yeye na Mungu wake.

"Haiwaki," alisema.

"Tangu lini, Mama Roba?"

"Tangu zile mvua kubwa zilipotuingilia nyumbani. Miezi miwili sasa."

Usije ukadhani ni kitu cha mtoto. Gemu ile ya kushika mkononi, ya kijivu, nene kama mche wa sabuni uliokatwa nusu, ilinunuliwa mtumba Mombasa na Roba, mwanawe Huka, ikaletwa kwa baba yake, Mzee Adano mumewe Huka, baada ya kiharusi kumlegeza mkono wa kulia. Nesi alisema vidole vipewe kazi kila siku, la sivyo vitakakamaa moja kwa moja. Watu walicheka. Mfugaji mzima, mwenye ng'ombe zake, anabonyeza vitufe! Wacheke tu, Adano alibonyeza. Vijitofali vilishuka kwenye kioo, akavipanga, akashindwa, akalaani, akaanza upya. Mwaka haujaisha alikuwa akifunga vifungo vya shati mwenyewe.

Ndipo mvua ikaja, paa likavuja, gemu ikalowa. Huka akafanya alichofundishwa na mama yake kuhusu chombo chochote kilicholowa na kuanza kunuka. Kibuyu cha maziwa unakiosha, unakifukiza kwa moshi wa kijinga cha moto cha mti mzuri, halafu unakipaka samli kisipasuke. Aliipangusa gemu, akaifukiza, akapaka samli kwenye springi za betri, moja moja, na kwenye meno ya kaseti, kile kijisanduku cha mchezo kinachochomekwa nyuma. Alifanya kwa mapenzi, maskini, wala hakuacha pembe hata moja. Ikanukia vizuri ajabu.

Asubuhi yake Adano alisukuma swichi. Kimya. Akasukuma tena kwa kidole gumba, akakaza mpaka jasho likamtoka, kisha akaishusha gemu pajani.

"Kidole kimeisha nguvu," alisema. "Ugonjwa umerudi."

Huka alikuwa hapo hapo anachagua mchele. Angesema neno moja tu! Lakini aliona aibu, siku ikapita, ikapita ya pili, na neno la namna hiyo likilala siku tatu halibebeki tena. Adano akauacha mkono ulale. Vifungo sasa anafungiwa. Na jana nesi aliushika mkono ule, akaukunjua kwa shida, akamwambia Huka pembeni kwamba mwezi mwingine wa hivi hivi na mkono hautakunjuka tena. Usiku ule Huka hakupata usingizi, na asubuhi akaja kwa fundi.

Mahad aligeuza gemu, akaguna. Skrubu zilikuwa za mabawa matatu na bisibisi yake haipatikani hata Malindi. Akachukua kalamu ya biro, akayeyusha ncha ya plastiki kwa kiberiti, akaibandika kwenye skrubu, akangoja ipoe, akazungusha. Skrubu ikatoka. Alipofungua, akanusa.

"Mama Roba, hii gemu imeolewa? Mbona inanukia harusi?"

Huka akamwambia. Yote, pamoja na lile la kidole. Mahad alianza kucheka, kisha akamwona uso, akaacha.

"Umeme haupiti kwenye samli, mama," alisema taratibu. "Na kwenye utando wa moshi ndio kabisa. Mzee hakuwa na kosa."

"Najua."

Mahad alisugua kwa pamba na spiriti, na palipogoma akatumia raba ya penseli. Springi zilishaliwa: betri zilizosahaulika humo zilikuwa zimevuja, na mbili zilikatika alipozigusa. Basi akapasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la makaa, akaunga nyaya mbili, akazitoa nje hadi kwenye kisanduku cha mbao alimopanga betri nne kubwa za tochi. Nguvu ni ile ile, alisema, ila hizi zitakaa muda mrefu. Akawasha. Kitaa chekundu kikawaka, lakini kioo kikaonyesha mstari mweusi tu.

"Meno ya kaseti hayo. Samli yako haikati tamaa."

Akachomoa kaseti, akapangusa jino kwa jino, akarudisha. Safari hii maandishi yaliteremka kwenye kioo, kengele ndogo ikalia, ting! Huka akashika kifua.

"Sasa hii swichi," Mahad akasema. "Ni ndogo kwa mgonjwa. Nitaigundishia kipande cha kitana, aisukume hata kwa kiganja. Itawaka, atafurahi, na mambo yaishie hapo."

Mambo yaishie hapo! Huka alitamani, wallahi alitamani. Adano angesukuma, gemu ingewaka, na asingeuliza kitu. Angejua tu kwamba kidole chake kilishindwa na kikaongezewa kipande. Angeamini hivyo mpaka kufa.

"Swichi usiiguse," alisema. "Iache ilivyokuwa."

Alasiri Adano alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba. Huka akamwekea gemu pajani, kisanduku cha betri kando yake.

"Niwashie wewe," alisema mzee bila kuinua macho. "Mkono wangu umekufa."

Huka akapiga moyo konde.

"Haukufa, Baba Roba. Ni gemu iliyokufa. Niliifukiza, nikaipaka samli. Siku ile ulisukuma swichi ikasogea kabisa, niliiona kwa macho yangu. Nguvu ulikuwa nazo. Nikanyamaza."

Adano alimtazama mpaka Huka akaona afadhali angetukanwa.

"Miezi miwili," alisema. "Miezi miwili nimeuzika mkono ungali hai, nawe umekaa hapo unanitazama."

Huka alilia, basi.

Mzee akauinua mkono wa kulia kwa msaada wa kushoto, maana ulikuwa umekakamaa kweli. Akaweka kidole gumba juu ya swichi. Kikateleza. Akakirudisha, kikateleza tena. Huka aliinuka kumsaidia.

"Kaa!"

Akakaa. Adano akauma meno, akasukuma. Kitaa kikawaka, kengele ikalia, na gemu ikatulia ikingoja abonyeze kitufe aanze kucheza. Hakubonyeza. Hakuwa akitazama kioo hata kidogo, alikuwa akitazama kidole chake. Akaizima, akaiwasha tena.