Tundu la Waifai

Mtandao wa nyumba yetu ulikuwa unaishia sebuleni, kama ahadi za wakubwa zinavyoishia jukwaani. Hapo sebuleni unatazama video mpaka macho yaume. Ukiingia chumba cha uani, anakolala binti yangu na mwanawe, simu inaonyesha vimistari viwili, kimoja, halafu hakuna kitu.

Ningekuwa peke yangu nisingejali. Shule niliishia darasa la sita, na waifai haikuwemo. Lakini binti yangu kazi yake imo humo humo mtandaoni. Anavaa visikizio, anafungua kompyuta, anapokea malalamiko ya wateja wa kampuni moja ya mbali inayouza majokofu. Kutwa nzima watu wanamfokea, yeye anawapa pole. Watu huniuliza uvumilivu ule kajifunzia wapi. Tangu mama yake afariki ameishi na mimi miaka mitatu. Chuo gani kingine mnataka?

Alijaribu kufanyia kazi sebuleni. Siku ya pili mteja akasikia sauti ya mtu ikisema, "Majizi makubwa nyinyi, hata aibu hamna." Nilikuwa namjibu waziri kwenye redio. Mteja akadhani anaambiwa yeye. Msimamizi akaandika barua ya onyo, eti mazingira ya kazi hayaridhishi.

"Baba," binti akaniambia Jumatano asubuhi, "Jumatatu wananipima mtandao. Nikikatika tena, hawanihitaji. Nimeona chumba mjini, kina mtandao wake. Mwenye nyumba anataka jibu Jumamosi."

"Na Meneja?"

Meneja ni mjukuu wangu wa miaka mitano. Tunamwita hivyo kwa sababu anatoa amri na hafanyi kazi.

"Meneja anakwenda na mama yake. Aende na nani?"

Nikamwambia mjini kuna vumbi. Akasema hata hapa lipo. Nikavaa viatu nikaenda dukani.

Muuzaji alikuwa amefunga tai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka kitu cha kupeleka waifai chumba cha nyuma. Kiwe kikali."

Akanitolea dude jeusi lenye antena nane, kama kaa aliyepinduliwa. "Hili linapenya ukuta wowote."

"Wowote?"

"Wowote, mzee wangu."

Mtu anayefunga tai kwenye joto lile hawezi kudanganya. Ndiyo maana wizarani wote wamezifunga. Nikanunua.

Tukalichomeka sebuleni. Meneja akasimama chumba cha uani na simu ya mama yake. "Bado," akatangaza. Nikalipandisha juu ya kabati. "Bado." Nikalisogeza hadi likaegemea ukuta. "Bado, babu, usichoke." Nikajua tu kwamba kampuni ya mtandao wamepunguza makusudi, maana sisi wa huku si watu. Nikatoka nje, uani, na simu yangu, nikawapigia. Mashine ikaniambia malalamiko yangu ni muhimu sana kwao. Ilirudia hivyo dakika ishirini. Angalau binti yangu huwa anasema pole mwenyewe.

Alhamisi nikamrudishia mwenye tai kaa wake. Akanionyesha kingine, kidogo, cha kuchomeka kwenye soketi: kinapokea mawimbi na kuyarudia.

"Kikipokea upuuzi?"

"Kitarudia upuuzi huo huo."

"Basi huyo ni msemaji wa serikali. Ninao wa kutosha redioni."

Akacheka, akalegeza tai. Ndipo akasema neno la kweli la kwanza: "Mzee, ngoja nikutumie fundi akaitazame nyumba yenyewe."

Fundi alikuja Ijumaa, mwanamama mwenye suruali ya mifuko mingi. Hakutaka kuuza kitu. Alizunguka na simu yake akipima, akaja kusimama mbele ya ukuta unaotenganisha sebule na chumba cha uani. Akaugonga kwa kidole. Ukuta haukumjibu.

"Mzee, humu ndani kuna nini?"

"Zege tupu. Nondo milimita kumi na sita, kila sentimita kumi, na wavu wa chuma juu yake. Nyumba nzima hivyo hivyo, na juu nimemwaga zege."

"Ulikuwa unatarajia vita?"

"Nilikuwa natarajia serikali."

Nikamweleza. Miaka thelathini nimemwaga zege kwenye majengo yao. Nimeona kwa macho yangu nondo za zahanati zikipakiwa kwenye lori la mkubwa, na sisi tukiambiwa tumwage tu, nani ataona. Zahanati ilipasuka kabla haijapakwa rangi. Nikaapa kwamba kwangu haitapungua hata nondo moja.

"Na haikupungua," fundi akasema. "Hapa hata simu ya kawaida sidhani kama inashika."

"Hayo ni ya kampuni. Mnara wao mbovu. Nimewaandikia barua tatu."

Fundi akachungulia dirishani. "Mnara si ule pale, mzee? Unatutazama."

Nikamgeukia binti yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, anitetee. Alikuwa anatazama sakafu.

"Mama alikuwa anajua," akasema.

"Anajua nini?"

"Kwamba ni ukuta. Unadhani kwa nini alikuwa anatoka kuongea na simu uani, juani pale, kwenye kamba ya nguo? Mvua ikinyesha na mwavuli?"

Nilikuwa na jibu la swali hilo. Nilikuwa nalo miaka mingi. Alikuwa anatoka ili nisisikie anachoongea na dada yake. Nilimwambia hivyo mara nyingi, na siku moja nilimwambia mbele ya wageni. Akaenda kuchemsha chai.

"Mbona hakuniambia?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, hicho ndicho kitu pekee alichojenga baba yako kisichoibiwa hata msumari. Mwache nacho."

Fundi akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mtu mstaarabu. Akatoa kifaa cheupe, bapa, ukubwa wa kisosi, hakina hata antena moja.

"Hiki kinakaa ndani ya chumba chenyewe," akasema. "Waya unatoka kwenye ruta ya sebuleni, unapita ukutani, unaingia hapa, chenyewe kinagawa. Waya ukipitishwa nje au mlangoni, mvua na huyu Meneja wenu wataumaliza kwa wiki. Lazima tundu. Bila tundu, nunua unachotaka, vyote mapambo."

Binti akasema haraka, "Si lazima, baba. Chumba cha mjini si kibaya."

"Nani kakuuliza?" nikasema. Halafu nikamwambia fundi, "Kisosi nakichukua. Na drili yako niachie."

"Nitoboe mimi, ndiyo kazi yangu."

"Ukuta huu hugusi wewe."

Jumamosi nilianza baada ya chai. Robo saa tu nikagonga nondo. Nikasogea pembeni, nikagonga nyingine. Nikasogea chini, wavu ukaing'ata ncha ya drili, nikaitoa kwa patasi.

"Mjinga gani kapanga nondo namna hii?" nikasema.

"Wewe, babu," Meneja akasema. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, akisimamia.

Saa nane mchana ncha ikatokea upande wa pili. Fundi akaja, akapitisha waya, akakipachika kisosi, akapima kila kona. Vimistari vikajaa. Akaniambia kazi safi, tundu limenyooka. Nikamwambia tundu huwa limenyooka, watu ndio wamepinda.

Binti akaingia chumbani na kompyuta yake, akafunga mlango. Nilikuwa sebuleni nafagia vumbi, karibu na tundu. Si kwamba nilikuwa nasikiliza. Nikamsikia akikaa kitandani, akapiga simu kwa mtandao huo huo, hakutoka kwenda uani.

"Samahani sana, mama," alikuwa akisema kwa sauti yake ya kazini. "Kile chumba mpe mtu mwingine."

Nadhani mwenye nyumba alimuuliza sababu.

"Baba ametoboa ukuta."

Sidhani kama mwanamke yule alielewa. Nikaenda kutafuta saruji ya kuzibia pembeni mwa waya, kidogo tu.