Sahihi ya Magreth

Eliana aliishi na Peniel miaka kumi na sita bila ndoa, kwa sababu Peniel alikuwa na mke wa ndoa ya kanisani. Mke huyo alihamia Tabora zamani na hakurudi tena. Nyumba ya Shelui waliijenga wawili: Peniel akifyatua tofali, Eliana akiwapikia madereva wa malori.

Figo za Peniel ziliposhindwa kazi, Eliana alikaa na neno moyoni miezi kadhaa. Siku moja wakitoka kliniki likamtoka.

"Peniel, ukiondoka mimi nakwenda wapi?"

"Unanizika mapema?" Siku tatu hakusema naye ila kuomba maji.

Jumapili kaka yake Peniel, Alute, alikuja kumjulia hali. Wakati wa kuondoka alisimama uani akiongea na simu, na Peniel akamsikia dirishani: "Vyumba vinne. Yule mwanamke atarudi kwao, hana karatasi yoyote."

Kesho yake Peniel alijikongoja hadi kwa wakili mjini Kiomboi, Eliana akimshika mkono.

"Mke wa ndoa yupo hai?" wakili aliuliza.

"Yupo."

"Basi msitegemee miaka mliyokaa pamoja. Andika wosia. Taja jasho la huyu mama, kisha sehemu yako umwachie. Na shahidi mmoja awe wa ukoo wako, wasije wakaukana."

Ukoo wote ulimwogopa Alute. Akabaki Magreth, dada yao mjane, aliyeishi kwa Alute pamoja na mama yao kikongwe. Eliana alimfuata shambani.

"Wifi, sikulazimishi."

Magreth aliendelea kupalilia hadi mwisho wa tuta. "Atanifukuza."

"Najua."

"Lakini nyumba hiyo niliwaona mkiijenga." Alhamisi akaenda kusaini.

Peniel alifariki wakati wa kuvuna alizeti. Siku ya kuanua matanga Alute alikuja na kufuli. Mtendaji wa kijiji akausoma wosia mbele ya watu, hadi majina ya mashahidi.

"Hata wewe, Magreth?" Alute alifoka.



Alute alikwenda mahakamani akashindwa. Nyumba ni ya Eliana, na Magreth anaishi humo naye, maana godoro lake lilitupwa nje siku ileile ya matanga. Haruhusiwi tena kumwona mama yao. Kila siku ya gulio Magreth humpelekea uji, na kila mara hurudishiwa getini.

"Unajuta, wifi?" Eliana alimwuliza juzi.

"Sijuti," Magreth alisema, akageukia ukutani, akalia.